Mahakama, kususia, kukalia ofisi au maandamano ya barabarani: njia nne zilizojaribiwa Marekani, na ipi uchague lini

Kila kikundi chenye dai hufika siku moja kwenye ubishi uleule. Wawe wapangaji wanaomtaka mwenye nyumba arekebishe mabomba, wanafunzi wanaopinga ada au wafanyakazi wa ghala wanaodai malipo ya saa za ziada: mmoja atasema twende mahakamani, mwingine tuwasusie, wa tatu tukakae ofisini kwao hadi watusikilize, na vijana watataka kuandamana barabarani. Halafu kila mmoja atatoa mfano wake kutoka Marekani, na mara nyingi mfano huo ni picha moja tu aliyowahi kuiona: Martin Luther King jukwaani, au umati wa waandamanaji wa mwaka 2020.

Marekani inafaa kulinganishia kwa sababu njia hizi zote zilijaribiwa huko ndani ya muda mfupi, wakati mwingine na watu walewale dhidi ya mamlaka zilezile, na tunajua zilikoishia. Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Usichague njia kwa kukisia umati utakaoupata. Jiulize kwanza ni nani hasa, kwa jina na cheo, mwenye kalamu ya kutia saini mnachokitaka. Kisha jiulize anapata nini kutoka kwenu kila siku ambacho mnaweza kukizuia. Njia hujichagua yenyewe baada ya hapo, au karibu hivyo.

Mahakama: watu wachache, miaka mingi

Farmville ni mji mdogo katika kaunti ya Prince Edward, jimbo la Virginia. Mwaka 1951 shule ya sekondari ya Moton, ya watoto weusi, ilikuwa imejengwa kwa ajili ya wanafunzi 180 hivi lakini ilikuwa na zaidi ya 450. Badala ya kujenga madarasa, halmashauri ya elimu iliwawekea vibanda vya mbao vilivyozungushiwa karatasi ya lami. Tarehe 23 Aprili, Barbara Johns, msichana wa miaka 16, na wenzake walihakikisha mkuu wa shule anapigiwa simu ya uongo kwamba wanafunzi wake wanaleta fujo kituo cha mabasi. Alipotoka tu, shule nzima ikaitwa ukumbini, walimu wakaombwa watoke nje, na Barbara akasimama kuwaambia wenzake kwamba hawarudi darasani. Walichotaka kilikuwa jengo jipya, basi. Mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, walipokuja waliwaeleza kwamba wao hawapiganii tena jengo zuri la kibaguzi. Wazazi wakikubali kudai shule za pamoja, kesi itachukuliwa. Wakakubali. Ikawa moja ya kesi tano zilizounganishwa na kuitwa Brown, na tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote tisa kwa kauli moja, ikasema kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba.

Sasa tazama kilichotokea hukohuko kwa kina Barbara. Mwaka 1959 kaunti ya Prince Edward, ilipobanwa itekeleze hukumu, ilifunga shule zake zote za umma. Watoto wazungu wakafunguliwa shule ya binafsi. Watoto weusi, wengine walipelekwa kwa ndugu kaunti za mbali, wengine walifundishwa kwenye vyumba vya makanisa, na wengine hawakusoma kabisa. Shule zilifunguliwa tena mwaka 1964, kwa amri nyingine ya mahakama. Mtoto aliyefungiwa mlango akiwa na miaka saba aliurudia akiwa na kumi na miwili. Na kama unafikiri hiyo ilikuwa kaunti moja yenye kichaa, mwaka huohuo wa 1964, miaka kumi baada ya hukumu, watoto weusi waliokuwa wakisoma na wazungu katika majimbo 11 ya Kusini yaliyowahi kujitenga hawakufika 3 kati ya kila 100.

Kilichowasogeza wakuu wa elimu wa Kusini kilikuwa fedha. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilisema wazi kwamba taasisi inayobagua itakatiwa fedha za serikali kuu, na mwaka uliofuata Bunge likaanza kumwaga fedha nyingi mashuleni kuliko wakati wowote kabla. Halmashauri zilizokuwa zimegoma kwa muongo mzima zikaanza kuona njia. Jaji hana jeshi wala hana mfuko. Huo ndio upungufu wa njia hii, na hakuna wakili anayekuambia siku ya kwanza.

Hata hivyo nisiidharau. Mahakama haihitaji umati wala haihitaji upendwe. Inahitaji subira na uchaguzi mzuri wa kesi, na hapo hakuna darasa bora kuliko kazi ya Charles Hamilton Houston, aliyekiongoza kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Howard katika miaka ya 1930. Houston hakuanza na shule za msingi, ambako kila mzazi mzungu angekuja juu. Alianza na vitivo vya sheria: wanafunzi wachache, na majaji ambao wenyewe walipita huko na wasingedanganyika kwamba vyumba vichache vyenye vitabu ni sawa na kitivo kizima. Mwaka 1936 Chuo Kikuu cha Maryland kikalazimishwa kumpokea mwanafunzi mweusi, Donald Murray. Mwaka 1950 jimbo la Texas, lililokuwa limefungua harakaharaka kitivo cha weusi ili kumkwepa mwombaji mweusi, Heman Sweatt, nalo likashindwa. Houston alifariki Aprili mwaka huo, wiki chache kabla ya hukumu ya Texas na miaka minne kabla ya ile kubwa. Aliyeimaliza kazi ni mwanafunzi wake, Thurgood Marshall. (Marshall huyuhuyu ndiye Tom Mboya aliyemwita London mwaka 1960, kwenye mkutano wa Lancaster House, awasaidie wajumbe wa Kiafrika kutoka Kenya na rasimu ya haki za msingi. Aliyewatetea walio wachache kwao maisha yake yote akajikuta anaandika vifungu vya kuwalinda walio wachache wa Kenya, yaani wazungu na Wahindi wenye mali.)

Kingine cha kuweka kwenye mizani: kinachotolewa na mahakama huweza kuchukuliwa na mahakama. Wapinzani wa utoaji mimba walishindwa vibaya mwaka 1973, Mahakama ya Juu ilipouhalalisha nchi nzima. Wakaanza kuandamana Washington kila Januari, lakini kazi yenyewe waliifanya kwingine: kuchagua marais na maseneta ambao wangeteua majaji wanaokubaliana nao. Juni 2022 hukumu ile ikafutwa, baada ya miaka 49. Uwe unawaunga mkono au unawapinga, hiyo nayo ni harakati ya kijamii, na kwa uvumilivu ni vigumu kuipata ya kuilinganisha nayo.

Kususia: kazi ya jikoni na ya gereji

Baada ya mgomo wa Moton wazazi wa Barbara Johns waliogopa maisha yake, wakamhamishia Montgomery, Alabama, kwa ami yake Vernon Johns, mchungaji wa kanisa la Dexter Avenue. Kiti hichohicho cha uchungaji kikaja kukaliwa mwaka 1954 na kijana aliyeitwa Martin Luther King. Nalitaja kwa sababu harakati hizi husimuliwa kana kwamba ni visiwa, ilhali watu wake walijuana.

Rosa Parks alikamatwa Montgomery tarehe 1 Desemba 1955 kwa kukataa kumwachia mzungu kiti ndani ya basi, hilo linajulikana. Linalosahaulika ni usiku wake. Jo Ann Robinson, mwalimu wa Kiingereza katika chuo cha weusi cha Alabama State, aliingia chuoni usiku wa manane na mwenzake mmoja na wanafunzi wawili, wakachapa makumi ya maelfu ya vipeperushi kwenye mashine ya stensili ya chuo. Kesho yake vilikuwa mashuleni, kwenye saluni na viwandani. Asingeweza kufanya hivyo kwa hasira za jioni moja. Chama chake cha wanawake kilikuwa kimemwandikia meya tangu Mei 1954 kumwonya kwamba abiria weusi wanaweza kuyaacha mabasi. Walikuwa na mpango na njia za kusambazia. Walikuwa wanasubiri siku.

Rudia maswali yangu mawili hapo. Mwenye kalamu ni kampuni ya mabasi na jiji. Wanapata nini kutoka kwa weusi? Nauli: yapata robo tatu ya abiria wote walikuwa weusi. Na dai lilikuwa dogo hadi leo linawashangaza wanaolisoma. Walitaka madereva wawe na adabu. Abiria wakae kwa kufika, weusi wakianzia nyuma na wazungu mbele. Na madereva weusi waajiriwe kwenye njia zenye weusi wengi. Kufuta ubaguzi hakukuwemo. Jiji lingekubali siku ya nne, huenda tusingelijua jina la Montgomery. Likakataa, likawafundisha watu kwamba kuomba kidogo hakuna faida, na Februari 1956 wakili Fred Gray akafungua kesi ya kuupinga ubaguzi wenyewe.

Kususia ni kazi ya vyombo vya usafiri na ya masufuria. Madereva wa teksi weusi walianza kubeba watu kwa senti 10, sawa na nauli ya basi. Jiji likawakumbusha kwamba sheria inataka kisichopungua senti 45. Ikabidi kupanga magari binafsi yapata 300, yenye vituo vya asubuhi na vya jioni. Msomaji aliyekulia kwenye daladala ataielewa picha bila maelezo. Bima za magari ya makanisa zikafutwa, zikapatikana kwa Lloyd's ya London. Fedha za mafuta zilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka jikoni kwa Georgia Gilmore, mama lishe kwa kazi na kwa kipaji, aliyekusanya wanawake wakipika kuku, keki na pai na kuziuza kwenye saluni na milangoni mwa watu. Kikundi chao walikiita Klabu Isiyotoka Popote, ili mweka hazina akiulizwa mchango umetoka wapi ajibu bila kusema uongo. Wengi wao walikuwa wapishi na wafua nguo wa wazungu, na jina kwenye daftari lingewapotezea kazi. Gilmore mwenyewe alifukuzwa kazi baada ya kutoa ushahidi mahakamani kumtetea King. Akaanza kupikia watu nyumbani kwake. Mimi nikifika hapa huacha kusoma hotuba na kuanza kusoma risiti.

Mgomo ulidumu siku 381, na mwisho wake unastahili kutazamwa kwa karibu. Tarehe 13 Novemba 1956 jiji lilikuwa mahakamani likiomba ule mtandao wa magari upigwe marufuku, na siku hiyo likapata amri hiyo. Siku hiyohiyo habari ikafika kutoka Washington: Mahakama ya Juu imekubaliana na kina mama wanne walioshtaki, mmoja wao Claudette Colvin, aliyekataa kuinuka kwenye kiti miezi tisa kabla ya Parks, akiwa na miaka 15. Bila kesi, kususia kungenyongwa wiki ile kwa kukosa usafiri. Bila kususia, hukumu ingeangukia mji usio na watu waliozoea kukutana kila wiki, na mabasi yalipoanza kupigwa risasi mwishoni mwa Desemba nani angethubutu kupanda? Ukiniuliza ni mchanganyiko gani uliofanya kazi vizuri kuliko yote katika ulinganisho huu, ni huu.

Kususia bidhaa ni jambo jingine, gumu zaidi. Tarehe 8 Septemba 1965 vibarua Wafilipino wa zabibu huko Delano, California, wakiongozwa na Larry Itliong, waligoma. Baada ya siku nane chama cha Cesar Chavez na Dolores Huerta, chenye vibarua wengi wa asili ya Meksiko, kikaungana nao. Mgomo wa shambani peke yake ulikuwa unakufa, maana wenye mashamba walileta vibarua wengine. Wakahamishia vita kwenye rafu za maduka ya New York, Boston na Toronto. Kampuni moja iliposusiwa iliazima nembo za nyingine, kwa hiyo wakasusia zabibu zote za mezani. Miaka mitano. Tarehe 29 Julai 1970 wenye mashamba wakubwa wa Delano wakasaini. Kichekesho cha kisheria ni kwamba vibarua wa mashambani walikuwa wametolewa nje ya sheria ya kazi ya 1935, na hivyo marufuku ya kususia maduka yanayouza bidhaa ya mwajiri, iliyovibana vyama vingine, haikuwagusa. Lakini mikataba ile ilipoisha mwaka 1973 wenye mashamba wengi walisaini na chama kingine kilichowafaa wao, na chama cha Chavez hakikurudi tena kwenye nguvu ileile. Mnunuzi wa Boston alikuwa ameshakula zabibu zake kwa roho safi na kusahau. Abiria wa Montgomery hakuweza kusahau, kwa kuwa basi lilikuwa lake.

Kukalia ofisi: njia isiyosifiwa inavyostahili

Mwaka 1973 Bunge lilipitisha sheria ya marekebisho ya watu wenye ulemavu. Ndani yake, kifungu cha 504, kulikuwa na sentensi moja inayokataza taasisi yoyote inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa ulemavu wake. Sentensi ilikuwa nzuri ila haikuwa na kanuni, na bila kanuni hakuna hospitali wala chuo kilichojua kifanye nini. Kanuni zikaandikwa, zikazungushwa mezani chini ya Nixon, kisha Ford, kisha Carter. Kufikia Aprili 1977 kilichokosekana ni saini ya mtu mmoja: Joseph Califano, waziri wa afya, elimu na ustawi.

Tarehe 5 Aprili watu wenye ulemavu waliingia kwenye ofisi za wizara hiyo katika miji kadhaa. Washington waliondoka siku ya pili. Walinyimwa chakula na simu. San Francisco watu kama 150, wakiongozwa na Judy Heumann na Kitty Cone, hawakutoka. Kumbuka ni akina nani hao: mtu asiyeweza kujigeuza kitandani usiku, mtu mwenye dawa za kuhifadhiwa kwenye baridi, mtu anayepumua kwa msaada wa mashine. Dawa walizihifadhi kwenye boksi la plastiki lililobandikwa kwa gundi mbele ya kiyoyozi. Simu zilipokatwa, viziwi waliendelea kuwasiliana na wenzao wa nje kwa lugha ya alama kupitia madirishani, wakawa ndio waya wa jengo zima. Mmoja wa waliokuwa ndani, Brad Lomax, alikuwa mwanachama wa Black Panther, chama cha kupigania haki za weusi, mwenye kiti cha magurudumu, na chama chake kikaleta chakula cha moto kila siku. Makanisa na vyama vya wafanyakazi vikasaidia. Wajumbe wao walipokwenda Washington kumfuata Califano, chama cha mafundi mitambo kiliwakodia lori la kuwabeba na viti vyao.

Tarehe 28 Aprili Califano akasaini kanuni bila kuzilegeza. Karibu mwezi mmoja, watu 150, saini moja. Kisha kanuni hizo zikawa msingi wa sheria kubwa ya ulemavu ya 1990, ambayo leo ndiyo sababu kila jengo jipya la umma Marekani lina mlango wa kupita kiti cha magurudumu na kona nyingi za barabara za mjini zina mteremko. Mama mwenye kigari cha mtoto na msafiri mwenye sanduku wanaupita bila kuuliza nani aliulipia.

Kwa nini hatusikii sana habari hii? Nadhani kwa sababu haina hotuba. Ilifanikiwa kwa kuwa sheria ilikuwepo tayari, mwenye kalamu alikuwa mmoja na anajulikana, na kuwatoa wale watu kwa nguvu mbele ya kamera kungemgharimu kuliko kusaini. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, unakaa ofisini hadi polisi waje na habari inaishia hapo. Isitoshe, Washington na San Francisco zinaonyesha tofauti ndogo iliyoamua: jikoni. Waliokuwa na majirani wa kuwalisha walibaki.

Barabara: sauti kubwa kuliko zote

Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu ndiyo njia inayochaguliwa bila kufikiri.

Linganisha miji miwili ya Kusini. Albany, Georgia, 1961 na 1962: mamia wakaandamana, King akaja, akakamatwa. Mkuu wa polisi, Laurie Pritchett, alikuwa amejisomea mbinu zao. Akawaamuru askari wake wasimpige mtu mbele ya kamera, akapanga mapema na magereza ya kaunti jirani nafasi za mahabusu, akawa anawakamata kwa adabu. Jela hazikujaa, magazeti hayakupata picha, mji haukubadilika, na King akaondoka mikono mitupu. Birmingham, Alabama, Mei 1963: Bull Connor, kamishna wa usalama wa jiji, akawafungulia watoto wa shule mbwa na mabomba ya maji ya zimamoto. Picha zikazunguka dunia, wafanyabiashara wa mji waliokuwa tayari wanaumia kwa maduka kususiwa wakakubali kuzungumza, na Juni Rais Kennedy akatangaza muswada wa haki za kiraia. Waandamanaji wa miji yote miwili walikuwa majasiri sawasawa. Tofauti kubwa ilikuwa adui, na adui hapangwi na wewe.

Agosti 1963 watu 250,000 hivi walijaa Washington. Bayard Rustin aliupanga mkusanyiko ule kwa takriban miezi miwili, hadi kuwaagiza watu wasibebe sandwichi zenye mayonezi zisije zikachacha juani. Sheria ya haki za kiraia ikaja mwaka uliofuata. Lakini maandamano yale yaliitwa ya kudai kazi na uhuru, na sehemu ya kazi, pamoja na kima cha chini cha mshahara cha dola 2 kwa saa wakati kilikuwa dola 1.15, haikupatikana. Ukiwa na madai kumi, aliye juu atakupa lile lililo tayari na kuomba subira kwa mengine.

Halafu 2020. George Floyd, mtu mweusi, aliuawa na polisi Minneapolis tarehe 25 Mei, video ya msichana wa miaka 17 ikaonyesha namna, na kwa makadirio yaliyotokana na kura za maoni kati ya watu milioni 15 na milioni 26 walishiriki maandamano mwaka huo. Huenda Marekani haikuwahi kuona umati kama huo. Askari aliyemuua, Derek Chauvin, akahukumiwa miaka 22 na nusu. Majimbo na miji mingi ikabana matumizi ya kabali za shingo. Lakini muswada wa shirikisho uliobeba jina la Floyd ulipita Baraza la Wawakilishi ukafia Seneti, na Minneapolis kwenyewe, ambako madiwani tisa walikuwa wamepanda jukwaani kuahidi kuivunja idara ya polisi, wapiga kura walilikataa pendekezo la kuibadilisha Novemba 2021. Umati haukuwa na dai moja wala mwenye kalamu mmoja. Marekani ina maelfu ya vikosi vya polisi, kila kimoja na bwana wake.

Mahali ambapo 2020 ilileta badiliko la haraka na lisilorudi nyuma ni Mississippi. Jimbo hilo lilikuwa na alama ya jeshi la waliotetea utumwa kwenye bendera yake tangu 1894. Mwaka 2001 wananchi walipiga kura ya kuibakiza. Juni 2020, maandamano yakiwa yamepamba moto, shirikisho la michezo ya vyuo vikuu likasema halitapeleka mashindano yake ya ubingwa kwenye jimbo lenye bendera hiyo, makocha wa vyuo vya jimbo wakaenda bungeni wenyewe, na mchezaji nyota wa mpira wa Kimarekani, Kylin Hill, akatangaza hatacheza hadi ibadilishwe. Tarehe 30 Juni gavana akasaini kuiondoa. Barabara ilifungua mlango; waliopita humo walikuwa na kitu cha kunyima.

Harakati ya Occupy ya 2011 naitaja haraka. Miezi miwili kwenye bustani ya New York, hakuna orodha ya madai, ikafagiliwa na polisi Novemba. Iliacha lugha ya asilimia 99, yaani watu wa kawaida dhidi ya asilimia moja ya matajiri. Mwaka mmoja baadaye wafanyakazi wa mikahawa ya chakula cha haraka wakagoma mjini humo wakiwa na namba moja kichwani, dola 15 kwa saa, na namba hiyo imeingia kwenye sheria za majimbo mengi. Hata Florida, iliyompa Trump kura zake mwaka 2020, siku hiyohiyo ilipitisha dola 15 kwa zaidi ya asilimia 60 ya kura. Kura ya maoni ya jimbo ni njia ya tano ambayo ningeiandikia peke yake, ila si kila jimbo linaruhusu wananchi kuianzisha.

Sasa, ipi?

Kama mko wachache, dai lenu lina kifungu cha sheria cha kulishika, na mnaweza kusubiri miaka bila kusambaratika, nendeni mahakamani. Fanyeni kama Houston: anzeni na kesi ambayo jaji ataielewa kwa maisha yake mwenyewe. Na kabla ya kufungua, ulizaneni nani ataitekeleza hukumu, na akigoma atakatiwa nini.

Kama mnayemdai anaishi kwa fedha zenu na nyie ndio wengi kati ya wateja wake, susieni. Hesabuni kwanza usafiri, chakula na bima, kisha idadi ya wanaoshangilia. Dai la kwanza liwe dogo kiasi kwamba kulikataa kutamwaibisha. Kama wateja wenyewe ni watu wa mbali wanaowahurumia tu, jiandaeni kwa miaka mitano na mkataba unaoweza kuisha.

Kama kilichobaki ni saini na mnajua iko mkononi mwa nani, kakalieni ofisi yake. Lakini tafuteni kwanza watakaopika. Kwa kikundi cha watu mia au mia mbili, hii ndiyo ningeijaribu mapema kuliko nyingine zote, na nashangaa inavyosahaulika. Ila kwa wahamiaji neno moja: kukamatwa kunaweza kumgharimu asiye raia kibali cha kuishi, adhabu ambayo raia aliyeketi naye sakafuni haimgusi. Waulizeni mawakili wa uhamiaji kabla ya kugawana zamu, na wasio na karatasi wapewe kazi za nje, jikoni na kwenye simu.

Barabara ichaguliwe pale ambapo watu hawajui kabisa kwamba tatizo lipo. Hapo hakuna kinachoishinda. Mkiingia, muwe tayari na jibu la mwandishi wa habari atakayeuliza mnamtaka nani afanye nini kufikia lini, na mjue pia mtafanya nini akiwatendea kama Pritchett. Na ratiba ya kikao cha Jumatatu inayofuata iwe imechapishwa kabla ya Jumamosi ya maandamano, yenye mahali, saa na jina la atakayefungua mlango.